Mzee wa Shati la Mistari

Kuna watu wanaokwenda ziwani kutazama maji. Mama Kipaza alikwenda kila siku kwa miaka ishirini na sita, na maji aliyaona kwa nadra. Kazi yake ilikuwa kutazama watu, hasa wale waliokuwa wakilia.

Ofisi yake ilikuwa ndani ya mnara wa saa, pale linapoanzia gati kongwe, ghorofa ya pili, chumba chenye madirisha pande zote nne. Mlikuwa na meza, kiti kilichofungwa mto kwa kamba, simu ya mezani, na kipaza sauti cha chuma kilichounganishwa na spika kumi na nne zilizotundikwa kila kona ya ufuko. Mtoto akipotea, analetwa kwake. Mzazi aliyepoteza, anapanda kwake. Kati ya hao wawili ilikuwapo sauti yake, nzito, isiyo na papara, sauti ambayo wenye maduka walisema ingeweza kumnyamazisha hata mtoto mwenye jino bovu.

Wageni walikuja kutoka mbali kuona vivutio vya pale na kununua kadi zenye picha zake. Palikuwa na gurudumu kubwa la kuzunguka lenye vibanda vya rangi rangi, na farasi wa mbao wanaopanda na kushuka kwa muziki uleule tangu babu zetu. Palikuwa na ghala la zamani la forodha, siku hizi maduka ya picha na vinyago, na mnara wa taa kwenye ncha ya gati. Tena palikuwa na meli kongwe ya mvuke, iliyofungwa kwa minyororo ubavuni mwa gati tangu ilipoacha kusafiri, ambayo watu huikatia tiketi ili washangae mitambo yake. Mama Kipaza alikuwa na picha yake mwenyewe ya mahali pale, ila yake haikuuzwa kwenye kadi. Kwake, kila kivutio kilikuwa na namna yake ya kupoteza watu. Kwenye gurudumu, mzazi hutazama juu, na mkono mdogo humponyoka chini. Kwenye farasi, baba humsubiri mtoto upande aliompandishia, mtoto hushukia upande wa pili, basi hapo ni vilio viwili. Mnara wa taa ulipoteza wapenzi, na hao hakuwatangaza mpaka itimie saa nzima, maana wengi wao hawakuwa na haja ya kupatikana.

Siku moja bwana mmoja alipanda ngazi akihema. “Mama, mke wangu amepotea.”

“Pole, baba. Amevaa nini?”

Bwana akakuna kichwa, akatazama dari, akatazama viatu vyake. “Kwa kweli sikuangalia.”

“Basi, baba,” Mama Kipaza akamwambia, “huyo amepotea siku nyingi.”

Kisa hicho kilizunguka gati zima na watu walikicheka mwaka mzima. Lakini swali lenyewe halikuwa la mzaha. Utaratibu wa kazi ile ulikuwa na mambo mawili, na yote mawili aliyaweka yeye mwenyewe. La kwanza, jina la aliyepotea halitajwi spikani. Jina likitajwa, kila mtu mwenye nia mbaya amelisikia. Atamwita mtoto kwa jina, na mtoto atamfuata. Hutajwa nguo, umri, na mahali pa kukutania, basi. La pili, swali la nguo huulizwa mara tatu. Alikwisha kujifunza kwamba mama mwenye hofu hutaja nguo alizokusudia kumvisha mwanawe, wala si zile alizovaa mtoto. Ukiuliza mara ya tatu ndipo mama anashika kinywa na kusema, “Hapana, nilimbadilisha, alijimwagia juisi.” Mara ngapi mtoto wa gauni jekundu alitafutwa kumbe amekaa pale pale amevaa la kijani! Walioanza kazi wote aliwafundisha hivyo, na aliwafokea waliosahau.

Mume wake alikuwa Fundi Pistoni. Jina hilo walimpa mabaharia, likamganda. Alikuwa fundi wa mitambo ya ile meli kongwe kwa miaka thelathini na mmoja, wakati ilipokuwa meli kweli, inaondoka saa tisa alasiri na kurudi keshoye. Alikuwa mtu wa maneno machache mwenye mikono mikubwa. Alipomposa Mama Kipaza alimpeleka kwanza chini kwenye injini, akamwonyesha kila kitu kimoja baada ya kingine, kisha akamuuliza kama ameelewa. Hakuelewa hata kimoja, lakini alisema ndiyo. Meli ilipostaafishwa, naye alistaafu, na kwa miaka kadhaa alipenda kwenda pale kuwaeleza wageni jinsi mvuke unavyosukuma chuma. Hakuna aliyemlipa na hakuna aliyemkataza. Mshika funguo wa meli humfungulia kamba, Fundi hupita, na hakuna aliyemuuliza tiketi. Gatini hapakuwa na mtu asiyemjua. Muuza aiskrimu alimjua, mwendesha gurudumu alimjua, hata mlinzi wa lango ambaye hakupenda watu alikuwa akimpigia saluti.

Ugonjwa ulimwingia polepole. Kwanza alisahau maji yakifurika kwenye ndoo, na nani hasahau hilo? Halafu alianza kumuuliza mkewe jambo lile lile mara nne kabla chai haijapoa. Halafu siku moja alitoka kwa kinyozi, mitaa miwili kutoka nyumbani, akarudi jioni amepanda pikipiki ya mtu mwema aliyemkuta upande wa pili wa mji. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake refu, akaliandika kwenye karatasi, akasema hauna dawa ya kuuondoa, na kwamba kubwa ni kumlinda asitoke peke yake na kuwaarifu wanaomzunguka. Mama Kipaza aliikunja ile karatasi mara nne na kuiweka chini ya nguo kabatini. Kulinda alikubali. Kuarifu alikataa.

Binti yao, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja Jumapili moja na hakuzunguka mbuyu.

“Mama, waambie watu. Mwambie jirani, mwambie mlinzi, mwambie wa melini. Wote wanampenda Baba. Wakimwona peke yake watakupigia simu, basi.”

“Halafu?”

“Halafu nini?”

“Halafu waanze kumshika mkono kama mtoto. Wamwongeleshe kwa sauti kubwa. Baba yako alikuwa anaisikiliza injini akiwa juu sitahani, anasema chini kuna nati imelegea, na kweli imelegea. Leo niwaambie hajui siku ya wiki?”

“Mama, hao si watu wa kumcheka.”

“Najua hawatamcheka. Watamhurumia. Mimi hiyo huruma sitaki aione.”

Binti alinyamaza kwa kuwa mama yake alikuwa ameanza kulia, na katika nyumba ile mama akilia hoja imekwisha. Tusimlaumu mapema. Alimpenda yule mzee, na alichotaka ni kitu kimoja tu: kwamba mpaka siku ya mwisho, Fundi Pistoni apite gatini kichwa juu na apigiwe saluti. Kwa hiyo alipokwenda kazini alimwacha na jirani, mama mmoja mstaafu wa posta, mpole, mwenye masikio mazito kidogo. Naye aliambiwa ni presha tu, mzee akae asichoke.

Ile Jumamosi gati lilifurika. Shule zilikuwa zimefungwa, jua lilikuwa zuri, na kufika saa sita Mama Kipaza alikwisha kurudisha watoto watano na bibi mmoja. Asubuhi yeye mwenyewe alimvalisha mumewe: shati la bluu lenye mistari myeupe na suruali ya kijivu, akamchana nywele, akamwambia anarudi jioni. Mzee alimshukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru muuguzi.

Saa nane na dakika tano simu ililia.

“Jirani,” ilisema sauti ya yule mama wa posta, “nimeona nikuambie tu, mzee ametoka. Nilikuwa jikoni. Nadhani anakwenda kunyoosha miguu, na hali ya hewa ni nzuri. Usiwe na wasiwasi.”

Swali lilimjia Mama Kipaza mdomoni lenyewe, lile lile la kila siku: amevaa nini? Angeliuliza mara tatu kwa mama yeyote aliyepanda ngazi zile. Lakini mtu akiuliza mzee wa presha amevaa nini, ina maana anataka kumtafuta, na ukimtafuta mtu mzima aliyekwenda kunyoosha miguu, lazima useme kwa nini. Akalimeza.

“Haya, jirani,” akasema. “Asante. Atarudi.”

Alijua mahali mzee alipoelekea. Miguu yake haikuwa na njia nyingine zaidi ya ile ya gatini. Alikwenda dirisha hadi dirisha akitazama umati na kutafuta mistari ya bluu. Nguo za bluu zilikuwa mia. Hakuweza kuacha chumba. Mtoto wa gauni la maua alikuwa kwenye kiti cha kusubiri akikwaruza meza kwa kucha. Basi alikaa, akanywa maji, akawasha kipaza sauti.

“Tunamtafuta mzee wa miaka sabini na mbili. Mrefu, mwenye mvi. Amevaa shati la bluu lenye mistari myeupe na suruali ya kijivu. Atakayemwona tafadhali amlete chini ya mnara wa saa.”

Sauti haikutetemeka hata kidogo. Kwa hilo baadaye alijichukia.

Watu wa gati walikuwa na desturi yao: Mama Kipaza akitangaza, kila mmoja huacha kidogo alichokuwa akifanya. Mwendesha gurudumu alitazama kila kibanda kilichoshuka. Mwenye farasi alisimamisha muziki na kuzunguka kwa miguu. Saa nane unusu alitangaza tena, saa tisa akatangaza tena. Wenye mashua ndogo walipita chini ya gati wakichungulia kwenye nguzo. Mlinzi wa lango, yule asiyependa watu, alishuka ngazi za mawe akiwa na sare yake, maji yakamfika kifuani, kwa kuwa mtu alisema ameona kitu cha bluu kikielea. Kilikuwa mfuko.

Saa tisa na nusu mwendesha gurudumu alipiga simu mnarani.

“Mama, huyo mzee tumemtafuta kila tundu. Hana jina? Tumwite, labda yuko kwenye watu na hasikii ni yeye anayetafutwa.”

“Unajua utaratibu.”

“Utaratibu ni wa watoto, Mama. Mzee wa miaka sabini nani atamwiba?”

Jina lilikuwa pale pale. Maneno mawili tu, na kila mtu kati ya lango na mnara wa taa angeligeuza kichwa. Akilini alimwona akiletwa, mlinzi kamshika mkono huu na muuza aiskrimu mkono ule, watu wameacha njia, na mumewe katikati akitabasamu bila kujua kwa nini.

“Mtafuteni kwa nguo,” akasema, akakata simu.

Akatangaza mara ya nne, na ya tano. Wakati huo alikuwa akijipa moyo kwamba labda amekwisha kurudi nyumbani, labda amekaa kwa kinyozi. Umati ulianza kupungua. Mama wa yule mtoto wa maua alikuwa amekuja zamani, akashukuru, akaondoka.

Saa kumi na moja alisikia hatua kwenye ngazi. Hazikuwa za mzazi; wazazi hupanda wakikimbia. Alikuwa mshika funguo wa meli, kofia mkononi, uso umemshuka.

“Mama, jikaze. Mzee Pistoni ameanguka. Nimemkuta nilipokwenda kufunga, chini kabisa, kwenye injini. Gari la wagonjwa liko langoni. Anapumua.”

Kitu cha kwanza kilichomtoka Mama Kipaza, na asiniulize mtu kwa nini, ni kile alichokuwa ameuliza maelfu ya watu.

“Amevaa nini?”

Mshika funguo alimtazama kama mtu aliyepatwa na wazimu wa uchungu, akamwonea huruma. “Ovaroli yake, Mama. Ovaroli yake ya kazi. Atavaa nini tena akienda kwenye injini?”

Hospitalini alikaa kwenye benchi na binti yake. Daktari aliyetoka alikuwa kijana na alikuwa amechoka. Alisema mzee aliteleza kwenye ngazi ya chuma, damu ilivujia ndani ya kichwa, na kwamba imevuja kwa muda, saa mbili, labda zaidi. “Angeletwa mapema tungejaribu kitu,” alisema, bila nia mbaya, kama mtu anayesoma saa. Fundi Pistoni alikata roho saa kumi na mbili na robo, mkewe amemshika mkono, na mkono wenyewe ulikuwa na grisi mpya kwenye kucha.

Mambo mengine aliyajua kesho yake, na hakuna hata moja alilolitafuta, yalimfuata yenyewe. Mama wa posta alikuja akilia. Alisema mzee alifungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda, akatoa ovaroli, akaivaa, na vidole vilipomshinda yeye ndiye aliyemfunga vifungo. “Nilidhani anataka kutengeneza bomba la nyuma, mwenzangu. Nikamfunga vyote, mpaka cha shingoni.” Angeulizwa siku ile kwenye simu, mara moja tu, wala si mara tatu, angesema.

Walimzika Jumatatu. Jumanne alasiri watu wa gati walikuja nyumbani wote pamoja, baada ya kufunga mapema, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Sebule ilikuwa ndogo. Wengine walikaa sakafuni, na mlinzi wa lango alisimama mlangoni kama yuko kazini. Binti aliwapa chai. Walizungumza kwa sauti ya chini, na kila mmoja alikuwa na lake la kutua.

“Mimi alipita kwangu,” alisema muuza aiskrimu. “Nikamwambia, Mzee, umependeza, umerudi kazini? Akaniambia, meli inaondoka saa tisa. Nikacheka. Nilidhani anatania.”

“Mimi nilimpigia saluti,” mlinzi alisema kutoka mlangoni.

“Mimi ndiye niliyemfungulia kamba,” alisema mshika funguo. Alijifuta macho kwa kofia. Baadaye akasema, “Kule chini palikuwa pamefungwa siku ile, wageni hawashuki. Ningeshuka mara moja tu. Lakini nami nilikuwa huku juu, nachungulia kila mashua.”

Mwendesha gurudumu alisogeza kiti karibu na Mama Kipaza. Alikuwa mtu mzima, mnene, na alikuwa amevaa shati safi kwa ajili ya siku hiyo.

“Mama, tumekuja pia kukuomba radhi. Tumesemezana njiani, tukaona tusikufiche. Siku ile akili zetu zote zilikuwa kwa yule mzee mwingine, wa shati la mistari. Macho yalikuwa yanatafuta mistari tu. Fundi wetu alipita katikati yetu, tukamsalimia, tukaendelea kutafuta. Kumbe mwenzetu yuko kule chini anateseka. Utusamehe.”

Wengine waliitikia. Chai ilikuwa inapoa mikononi mwao. Binti yake, aliyekuwa amesimama na birika, alimtazama mama yake halafu akatazama sakafu.

“Na yule je, Mama?” muuza aiskrimu aliuliza. “Yule wa mistari. Alipatikana?”

“Alipatikana,” alisema Mama Kipaza.

“Afadhali,” akasema muuza aiskrimu, na wote wakashusha pumzi. “Afadhali angalau yeye amerudi kwao. Mlinzi wetu hapa hajalala vizuri, anasema labda hakutazama vyema kule majini.”

Mlinzi wa lango alitazama pembeni, akaona haya kwa kutajwa. Viatu vyake vilikuwa bado na mstari mweupe wa maji yaliyokauka. Mama Kipaza aliviona. Angeweza kuliacha hapo. Watu wangemaliza chai, wangempa pole, wangeondoka wakiwa na mzee mmoja aliyekufa na mwingine aliyeokoka, na gati lingeendelea kumheshimu Fundi Pistoni kama alivyotaka yeye.

“Hakukuwa na wazee wawili,” alisema.

Hawakuelewa. Akawaambia tena, kwa sauti ile ile ya mnarani, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Aliwaambia kuhusu karatasi ya daktari, kinyozi, na presha ya uongo. Aliwaambia kwamba shati lile alimvalisha yeye asubuhi, na kwamba hakumuuliza jirani amebadilisha nini. “Nilikuwa namtafuta mume wangu. Sikutaka mjue ni yeye.”

Mwendesha gurudumu aliweka kikombe chake sakafuni taratibu, kisha akakisogeza kidogo kisije kikapigwa na mguu wa mtu.

“Ungetuambia jina, Mama,” alisema. Hakukuwa na hasira ndani yake hata chembe, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. “Jina tu.”

“Najua,” akasema Mama Kipaza. “Najua, ndugu yangu.”